Kufuli Juu ya Kufuli

"Mtu akigonga?"

"Kimya."

"Akikuita jina?"

"Kimya."

"Nani anafungua?"

"Ufunguo."

Mpiga pasi alimwachia binti yake chai, mkate na ndoo, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili, akaenda kazini kwa dobi. Majirani walijua mtoto anashinda kwa mama yake mdogo. Huyo mama mdogo hakuwapo duniani. Alibuniwa ili kuziba midomo ya watu. Na usiharakishe kumwita mama huyu katili. Hata yeye alilelewa nyuma ya kufuli, na mama aliyefua nguo za watu. Jioni mama yake akimkuta ametulia, alimpapasa kichwa: "Mwanangu ana akili." Penzi jingine hakulijua. Watoto wa wenye nacho huachiwa yaya, wake aliachiwa kufuli.

Hata mtihani aliurithi. Siku moja alisimama nje ya mlango akaita kwa upole, "Kidoti, ni mama." Mtoto akaitika. Alimchapa huku naye akilia. "Sauti inaigwa! Ngoja ufunguo!"

Basi asubuhi hii ya chai na mkate, umeme ulikatika kazini, pasi zikapoa, wakarudishwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Alipofika alipita katikati ya umati. Magodoro na masufuria ya wapangaji yalikuwa barabarani. Choo kilikuwa kimefurika, na bwana afya alikuwa ameifunga nyumba nzima. Kwenye mlango wake, juu ya kufuli lake, palizungushwa mnyororo wenye kufuli la serikali. Harufu kali ya dawa ilitoka chini ya mlango.

"Mwanangu yumo ndani!"

"Mama, tumegonga, tumeita, ndipo tukapuliza dawa dirishani," bwana afya alisema. "Mtoto gani anapuliziwa dawa asilie?"

"Si yuko kwa mdogo wako?" jirani yake, fundi baiskeli, aliuliza.

"Sina mdogo! Nilidanganya! Fungueni!"

Bwana afya akacheka kidogo. "Nyie wapangaji mna vituko. Unataka kutoa vyombo, sema. Haya, mwite. Akiitika nafungua."

Mama akabandika mdomo kwenye mbao za mlango. "Kidoti! Ni mama!"

Kimya.

"Kidoti, itika, mwanangu! Leo nimekuruhusu!"

Kimya. Umati ukaanza kumwangalia kama mwongo. Hapo ndipo alipoondoa mdomo mlangoni. Alikuwa anamwita mtoto kwa sauti ileile aliyomchapa kwa kuiitikia.

"Hataitika," alisema. "Nimemfundisha mwenyewe."

Fundi baiskeli alikwenda kuchukua mtaimbo.

"Ukigusa huo mnyororo, leo unalala ndani," bwana afya akaonya.

"Basi nitalala."

Akaupachika mtaimbo kwenye komeo, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Komeo liling'oka na makufuli yote mawili.

Mama alitambaa chini ya kitanda. Mtoto alikuwa amejikunja ukutani, mikono yote miwili imeziba mdomo, macho yamevimba yanachuruzika. Alimvuta, akamkumbatia, akamsikia anapumua. Mlangoni bwana afya alikuwa akiuliza nani atalipia mnyororo wa serikali.

Mtoto akakohoa, akakohoa tena, kisha akatoa mikono mdomoni.

"Mama, hata wewe uliniita, sikuitika," alinong'ona. "Nina akili, eti?"