Jawa ya Gildo Yagoma Kuwaka

Jumamosi asubuhi Gildo aliitoa pikipiki yake ya Jawa ukumbini, akaisimamisha mbele ya mlango pamoja na kibehewa chake cha ubavuni, na mtaa mzima ukajua kazi imeanza tena. Upande wa pili wa barabara, Arístides na wenzake wakaisogeza meza yao ya domino, wakidai wanakimbia jua. Jua lilikuwa halijafika hata nusu ya barabara. Walichotaka ni kuona vizuri.

Obdulia, mke wa Gildo, alikuwa dirishani anachambua mchele. Aliusikia mpini wa kiki ukishuka, injini ikikoroma kidogo kama mlevi aliyeguswa bega, kisha kimya. Mpini tena. Kimya tena.

"Iombee, Gildo," Arístides alisema. "Ukimaliza niombee na mimi, nimekwama na sita mbili mkononi."

"Cheza domino yako, wewe. Hata kufunga baiskeli mnyororo hujui."

"Sijui, lakini baiskeli yangu inatembea."

Wakacheka. Gildo hakucheka. Jana yake alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba ikifika adhuhuri ya Jumamosi na pikipiki haijawaka, Pupo muuza spea aje aibomoe, achukue spea anazotaka. Majirani walidhani ni hasira tu. Obdulia hakudhani hivyo. Alikuwa ameolewa na mtu yule muda mrefu wa kutosha kujua kwamba akisema jambo mbele ya watu, ataona aibu kulirudisha.

Naye alijua kitakachofuata. Jawa ikiondoka, Gildo atakaa kwenye kiti cha bembea pale mlangoni, na hapo ndipo atakapokuwa kesho, na keshokutwa, hadi wamtoe wamebeba. Alikuwa amemwona kaka wa Arístides akiisha hivyo, mtu mzima mwenye kifua kama ngoma, baada tu ya kuuza farasi wake.

Pikipiki hiyo Gildo hakupewa na mjomba. Enzi za kiwanda cha sukari, wafanyakazi walikaa mkutano wakanyoosha mikono, wakakubaliana kwamba katika wakata miwa wote, haki ya kununua Jawa apewe Leovigildo, ndiye huyu Gildo. Tangu siku hiyo hakuna mguu mwingine uliogusa mpini wake. Kuazimisha, aliazimisha, alimwazimisha hata padri. Lakini aliiwasha mwenyewe kwanza, ndipo akampa mtu ikiwa inanguruma. "Pikipiki inajua mguu wa mwenyewe," ndivyo alivyosema, na wanaume wa Santiago wenye mashine kuukuu hawakuona ajabu. Kila mmoja wao alikuwa na imani yake ya namna hiyo.

Basi fundi Yoelkis, kijana wa nyumba ya tatu, alikuwa ameihangaikia wiki nzima bila kupiga kiki hata moja. Alifungua plagi, akazikuta zote mbili zimelowa petroli. Akazijaribu nje, cheche ikaruka, ya buluu, nene. Akaosha kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo hadi macho yakamtoka. Akapiga platini za cheche msasa. Akaazima koili ya jirani, akairudisha. Watu walikuja na maoni yao: oili imezidi, oili imepungua, petroli ina maji. Katika mtaa ambamo feni inazungushwa na mota ya mashine ya kufulia, na friji inafungwa kwa komeo la dirisha, watu wamezoea kwamba kitu kikikataa, kosa ni la kitu.

"Petroli inafika, cheche ipo, hewa ipo," Yoelkis alimwambia Gildo, akijifuta mikono kwenye suruali. "Mzee, kilichobaki ni uchawi."

"Kilichobaki ni plagi," Gildo alijibu. "Hizi zimechoka. Nakwenda kwa Wilmer kuomba nyingine. Usiiguse."

"Niiguse ya nini? Nataka kuoa mwaka huu."

Obdulia alimtazama mumewe akipanda mtaa. Kwenye ukingo wa barabara Gildo alitanguliza mguu wa kulia, kisha akauvuta wa kushoto kama anavuta gunia. Miezi kadhaa sasa Obdulia alikuwa akimkanda goti lile kwa mafuta ya kafuri, na kila akiuliza, jibu lilikuwa ni unyevu, utapita. Na yeye hakubisha, kwa sababu kubisha kungemlazimu Gildo aseme.

Mkono wake ukasimama katikati ya mchele. Ile sauti ya asubuhi. Zamani mpini ulishuka kwa mpigo mmoja, kraa, na hata kuku walijua wakimbie. Siku hizi ulishuka polepole, kwa kujikokota. Na mguu wa kuupiga ulikuwa wa kushoto.

Aliweka ungo chini, akatoka na aproni yake kiunoni.

"Mama Obdulia," Yoelkis alisema, "mbona unakuja na uso huo?"

"Nipishe."

"Mama, mzee atatuchinja. Mimi kwanza."

"Umeambiwa wewe usiiguse. Mimi sikuambiwa."

Alikuwa ameketi kwenye kibehewa kile miaka yote, nusu ya hatua kutoka kwenye injini, akitazama mikono ya Gildo kuliko alivyotazama barabara. Alifunga koki ya petroli, maana plagi zililowa na injini ilikuwa imekunywa kupita kiasi. Akazungusha kishikio cha mafuta kwenye usukani hadi mwisho, akaugeuza mpini wa gia kwa kuusukuma ndani na kuuinua, kwa kuwa kwenye Jawa huo huo wa gia ndio wa kiki. Akasimama kando, akaupiga kwa mguu wa kulia mara kadhaa kuikausha injini. Akafungua petroli. Akapiga tena, kwa uzito wake wote, na uzito haukumpungukia.

Jawa ikawaka.

Moshi wa samawati ukajaa barabarani. Domino zikanyamaza. Obdulia akazima upesi, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Yoelkis alikuwa amejishika kichwa.

"Tumwambie kabureta," alinong'ona. "Nitasema nilikuwa nimekaza skrubu moja vibaya. Lawama nitabeba mimi, mama. Haki ya Mungu nitabeba."

Obdulia alilifikiria. Ulikuwa uongo mzuri, wa kijana mwenye moyo. Lakini Gildo angerudi, angepanda, angepiga kiki kwa goti lile, na Jawa ingekataa mbele ya watu hawa hawa. Pupo naye angekuwa njiani na begi lake la spana.

Gildo alitokea pembeni akiwa na plagi mbili kiganjani. Alikuwa ameusikia mlio. Angeutambua kati ya mia.

"Nani?"

"Mimi," Obdulia alisema.

Gildo alimtazama Yoelkis, kisha moshi uliobaki hewani, kisha mkewe.

"Ilikuwa na nini?"

"Haina kitu, mzee wangu. Haikuwa na kitu wiki nzima. Ni goti."

Alilisema kwa sauti ya ndani ya nyumba, lakini barabara ilikuwa kimya na kila mtu alisikia. Gildo alifunga kiganja juu ya zile plagi, akaingia ndani, akapita kiti cha bembea bila kukikalia. Obdulia alibaki nje, akijiuliza kama ameokoa kitu au amevunja.

Pupo alifika kabla ya adhuhuri, begi begani. "Haya, tuanzie wapi?"

Kisha Gildo akatoka. Alikuwa amevaa kofia yake ya majani na uso wa mtu aliyenawa maji baridi. Akaipanda Jawa taratibu, akauweka mguu wa kushoto mbali na mpini, akashika usukani.

"Ulisukuma ndani kwanza kabla ya kuinua?" alimuuliza mkewe bila kumtazama.

"Nilisukuma."

"Wengi husahau, wanavunja meno ya gia." Akakohoa. "Usipige kama unaua mende. Usindikize mpaka chini. Mimi nitacheza na mafuta."

Obdulia akasimama kando yake, akapiga. Kimya.

"Tena."

Akapiga, akausindikiza mpaka chini, na kabla mguu haujainuka Gildo alikuwa ameishika injini kwa mafuta, anaipandisha, anaishusha, mpaka ikatulia. Pupo aliondoa begi begani akaliweka chini, kisha akaliokota tena.

"Panda," Gildo alisema.

"Na aproni hii? Mchele uko dirishani."

"Yoelkis ataupika. Si anataka kuoa?"

Meza ya domino ikapasuka kwa kicheko, na safari hii Gildo aliachia meno mawili. Obdulia akaingia kwenye kibehewa, akakusanya aproni mapajani.

"Ikizimika huko njiani?" Gildo aliuliza, sasa akimtazama.

"Nitashuka niipige," alisema.

Gildo akaingiza gia.