Mayai Hayangoji Cheki

Fundi seremala huyu watu walimwita Vifaranga, ingawa maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku mmoja. Jina lilitokana na mashine za kutotolea mayai alizokuwa akitengeneza: makabati ya mbao yenye balbu, feni ndogo na trei zinazojigeuza zenyewe. Mashine moja ilimla miezi, na ndiyo iliyolipa ada za watoto.

Sasa mteja alikuwa nesi mstaafu, mama mpole kupita kiasi. Alileta cheki ya benki, ile ambayo benki huchukua kwanza fedha zako ndipo ikuandikie. Kwake hizo zilikuwa fedha taslimu, basi tu zimeandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana asubuhi hiyohiyo, kwa kilichobaki cha kiinua mgongo chake, alikuwa ameshanunua trei kadhaa za mayai ya kutotolesha. Alitaka aondoke na mashine jioni ile.

Fundi angempa. Moyo wake mwepesi, na wepesi huo ulishamponza yeye na mkewe. Mwaka uliopita tapeli alimletea cheki ya benki yenye mihuri kila kona. Hela zikaonekana kwenye akaunti, mashine ikaondoka, kisha benki ikagundua cheki ni ya bandia na kuzichomoa hela zote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mke wa fundi tangu siku hiyo haoni kingine ila unyasi. Funguo za karakana zilihamia mkobani mwake.

Fundi na mkewe wakaenda benki na cheki ya nesi. Karani akaipokea cheki, akasema hela zitaonekana kesho. Mke wa fundi akauliza swali moja tu alilotoka nalo nyumbani: zikionekana, ndiyo zimeshakuwa zetu?

"Hapana, mama. Mtaziona, lakini hazijawa zenu mpaka benki iliyoitoa ithibitishe."

Itachukua muda gani? Inategemea, karani akasema. Pengine siku mbili tatu, pengine wiki, na hapo katikati kuna sikukuu. Neno hilo "inategemea" mimi silipendi. Halina uongo ndani yake, wala halina msaada.

Nesi alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu mayai yatadumu muda gani. Fundi alijua, kwani ndiye aliyewafundisha wateja wake wote: yakae penye ubaridi kidogo, yageuzwe, na yasipite wiki, maana kila siku inayozidi uhai unapungua. Akamwambia ukweli.

Basi yule mama akawa analala chumba kimoja na mayai yake, akiyageuza moja moja kama alivyowageuza wagonjwa wodini wasipate vidonda. Kila asubuhi alipita karakana, akasalimia, akauliza kama benki wamesema lolote. Hakuwasukuma, na hilo ndilo lililowaumiza.

Fundi akamsihi mkewe wampe tu, uso wa yule mama si wa kitapeli.

"Na yule wa mwaka jana alikuwa na uso gani?"

Yule wa mwaka jana alikuwa na uso wa mtu wa dini kabisa. Mkewe naye chakula kilikuwa hakipiti. Si kwamba alikuwa na roho mbaya, ila alikuwa na hofu, na ada ya watoto ilikuwa ndani ya kabati lile. Haraka haraka haina baraka, alijiambia usiku, lakini usingizi haukuja.

Sikukuu ikapita, wikendi nayo ikapita. Benki ilipoleta ujumbe kwamba cheki ni halali, fundi alikimbia mwenyewe kwenda kumwita nesi. Wiki ilikuwa imeshapita na ushei.

Mama alikuja na mkokoteni, bila mayai. Fundi akamuuliza yako wapi.

"Nimewagawia majirani wakakaange. Yamekaa mno. Nitajikusanya tena, taratibu."

Akaomba aonyeshwe mashine inavyotumika. Fundi akaiwasha, balbu zikawaka, feni ikazunguka. Nesi akaingiza mkono kwenye trei tupu, akauacha humo mpaka joto likampata.

"Hii ilikuwa hapa siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na umeme upo?"

"Upo."

"Basi mayai si yangengojea humu, yakiwa yameshaanza kupata joto," akasema polepole. "Mlango mmefunga, funguo mnazo. Cheki ikikataliwa, mashine yenu inabaki palepale."

Fundi akamtazama mkewe. Wiki nzima walikuwa wamelinda mashine isitoke, na hakuna aliyewaza kwamba mayai yangeweza kuingia. Mke wa fundi akafungua mkoba, akachakura ndani yake bila kujua anatafuta nini.

"Hata mimi sikuwaza, wanangu," nesi akasema, akaomba wamsaidie kuibeba.