Vigelegele Vitano vya Dalmas

Mimi, Tobias, nilikuwa beki. Beki hapendwi na mtu, hukumbukwa akikosea tu. Meno yangu mawili yalibaki uwanjani na hakuna aliyeuliza yalikoenda. Kwa hiyo nikizungumzia kupendwa, nazungumzia kitu nilichokiona kwa jirani.

Mwaka wa hamsini na tisa timu yetu ilikuwa na mafowadi watatu na nafasi moja tu ya katikati. Kihara, mzaliwa wa Riruta, alichana nywele hata wakati wa kona. Oloo alikuwa na jamaa zake wenye ngoma. Rafiki yangu Dalmas Were, mfagiaji wa ofisi za Delamere Avenue, alikuwa na magoli tu.

"Magoli peke yake hayajazi uwanja," Bwana Ephantus, katibu wetu, akamwambia. "Jumapili nitawataja kwa kipaza sauti. Atakayeshangiliwa zaidi ndiye wa kuanza. Wengine watakaa nje msimu mzima."

"Omera, ndugu yangu, umekwisha," nikamtania. "Utashangiliwa na ufagio?"

Akacheka kidogo, kisha akaniachia chapati yake nzima. Nikajua imemwuma.

Jumapili Oloo akatajwa, ngoma zikalia. Kihara akatajwa, miluzi na kofia zikaruka hewani.

"Dalmas Were!"

Nikapiga makofi peke yangu, mtu wa nyuma akaniambia nikae chini.

Dalmas akaingia uwanjani kichwa kikiwa chini. Kando ya ua walisimama akina mama wa Mutuini, wale wanaoleta mboga mjini. Kila jioni, akitoka kazini, Dalmas aliwasukumia mkokoteni kupanda mpaka Riruta. Ndiyo yalikuwa mazoezi yake ya miguu. Alikuwa amewaalika, ila jina lake hawakulijua.

"Si huyu ni kijana wetu?" Mama Nyokabi akapaza sauti. "Wa mkokoteni!"

Akatua kikapu. Mpira hakuujua hata kidogo, akafanya alichokijua: vigelegele vitano, kama kwao mtoto wa kiume anapozaliwa. Wenzake wakapokea, vitano tena, na tena, hadi wapiga ngoma wa Oloo wakasahau mikono yao.

Bwana Ephantus, naye mtu wa Dagoretti mwenye mila hiyo hiyo, alikuwa akihesabu kwa vidole. Akavua kofia.

"Huyu amezaliwa," akasema. "Aanze."

Dalmas akafunga mawili. Akina mama wakayapigia vigelegele yote, na mpira uliotoka nje, na refa alipoteleza akaanguka.

"Mimi ndiye mzaliwa wa Riruta," Kihara akalalamika baadaye, "halafu anayepigiwa vitano ni Mjaluo!"

"Mkokoteni wangu umewahi kuugusa?" Mama Nyokabi akamwuliza. "Au utachafua nywele?"

Sisi mabeki tulicheka mpaka mbavu zangu mbovu zikalia. Jumatatu jioni nikawakuta kwenye mlima wa Riruta, Dalmas akisukuma upande wa kulia, Kihara upande wa kushoto, jasho limemharibia njia ya nywele. Mama Nyokabi alitembea mbele, mikono mitupu, akiwaambia wapita njia, "Mnamwona yule wa kulia? Wetu huyo."

Nami nikawaambia, "Wetu."