Kitanda Kilichokataa Rangi

Kitanda kile cha mtoto tulikuwa tunakiwekea mablanketi, chumba cha nyuma. Mwanangu alikilalia alipokuwa mdogo, na baada yake hakuna mwingine, maana hatukujaliwa zaidi. Ajali ya barabarani ilipomchukua akiwa mtu mzima, mke wake na mtoto wao mchanga wakahamia kwetu.

Siku moja mkwe wangu alitukalisha akatuambia anarudi kwa mama yake, kwa kuwa amepata kazi kule na kuna wa kumlelea mtoto. Ndipo akasema, "Mama, kama kile kitanda hamkitumii, naomba niondoke nacho. Mtoto alale alipolala baba yake."

Mimi nilijua kwamba mama yake alishamnunulia mjukuu kitanda kipya chenye magurudumu. Binti wa watu aliomba ili na sisi tuwe tumetoa kitu.

Mzee, mume wangu, alikitengeneza kitanda kile kwa mkono wake, enzi za useremala. Kusikia kinaombwa, akasimama kama kijana. Akasema hakiwezi kwenda ukweni kikiwa kimechubuka vile, watu waseme mtoto ametoka kwenye nyumba iliyochoka. Nikamwambia kifutwe tu kwa kitambaa, kinatosha. Akanijibu nishughulike na sufuria zangu.

Akakitoa uani, akakipiga msasa mpaka vanishi yote ya zamani ikaisha, ubao ukabaki mtupu. Mikono yake siku hizi inatetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa yote miwili, lakini ikishika msasa inatulia. Nilikaa mlangoni nachambua mchele na kumtazama. Akapaka rangi nyeupe. Mkwe wangu akatoka na mtoto mgongoni, akamwambia, "Baba, nani atajua kwamba si kipya?" Mzee akajifanya hakusikia, ila alikula vizuri siku ile.

Kulipokucha doa likawa limetokea. Lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, pale ufito mmoja unapoingia kwenye ubao wa chini. Mzee akamshtaki kuku. Akafuta, akapaka mkono wa pili. Doa likarudi, safari hii na wenzake. Akasema brashi ilikuwa chafu, akaiosha, akapaka tena. Likarudi. Ukigusa pale, rangi inanata kidoleni wakati kwingine imeshakauka.

Jirani yetu ni fundi rangi, tunamwita Chokaa kwa sababu nywele zake hazijawahi kuwa na rangi moja. Alikuja akainama, akazunguka kitanda, akasema, "Mzee, nimeona mengi. Kitanda kinachokojoa chenyewe kabla mtoto hajalala, hiki ndicho cha kwanza."

Tulicheka wote, hata Mzee. Chokaa akaenda kwake akarudi na kopo la rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti. Akaeleza kwamba hiyo huziba doa lisipenye, kisha nyeupe inapita juu yake. Alipaka mwenyewe kwa uangalifu, na kila mara alimuuliza Mzee kama anafanya sawa, ingawa alikuwa anajua. Sijalisahau hilo.

Nyeupe ikakaa safi. Nikaanza kukunja vishuka.

Siku moja kabla ya safari jua lilikuwa kali. Nilisikia Mzee ananiita, si kwa sauti kubwa. Kwenye maungio kulikuwa kumetoka michirizi ya kahawia, inashuka juu ya weupe kama machozi ya mtu mwenye wanja. Akaweka kidole, akakinusa, kisha akaninyooshea na mimi ninuse.

Ilikuwa oili. Hapo tukakumbuka wote wawili. Nilipokuwa na mimba tulipanga nyumba yenye mchwa, waliotafuna meza mguu mmoja mmoja. Mzee alienda gereji akapewa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari, akakinywesha kitanda kizima mchwa wasikisogelee. Kilipokauka akakifunga kwa vanishi. Mchwa hawakukigusa. Miaka yote ile vanishi ilikuwa kifuniko, na sasa kifuniko kilikuwa kimeondoka kwa msasa.

"Ningekiacha kilivyokuwa," akasema.

Alikikwangua rangi. Akakisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha kwa petroli. Kila kitambaa kilitoka cha kahawia. Kazi yangu ikawa kumletea vitambaa. Nilipasua shuka, nikapasua kanga yangu kuukuu, na havikupungua ukahawia.

Asubuhi ya safari gari dogo la mizigo likaja. Dereva alikuwa ameacha nafasi nyuma, kamba mkononi. Mkwe wangu alikitazama kitanda, nyeupe imebaki mabaka mabaka, akasema kinakwenda hivyohivyo, atakivisha kitambaa. Akakisogelea na mtoto mkononi. Mtoto alikuwa anaota meno, kila kitu anatia kinywani. Akauinamia ufito wa juu, mdomo wazi.

Mzee akaweka kiganja chake katikati.

"Hapana, mama," akamwambia mkwe wangu. "Hii ni oili ya gari. Niliipaka mimi. Huyu ataitafuna."

"Baba yake si aliutafuna huo huo ufito, baba? Na akakua."

"Yuko wapi?"

Sote tulijua barabara iliyomchukua, na Mzee anajua, alikwenda mwenyewe kumtambua. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa. Mtoto alikuwa anakitafuna kile kiganja, na Mzee alimwachia atafune.

Mkwe wangu alilia kidogo, akajipangusa kwa nguo ya mtoto. Akasema basi kitanda kibaki, wakija kutembea mtoto atalala humo juu ya blanketi nene. Akatuomba tusikitoe. Tukamwahidi. Dereva akapanda nyuma bila kuambiwa, akatawanya mizigo ili ile nafasi isionekane.

Gari lilipokata kona tulibaki uani. Seremala hahitaji futi kumpima mtoto, macho yanatosha.

"Wakija atakuwa amekizidi," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia.

Tulikibeba kukirudisha chumba cha nyuma, yeye mbele, mimi nyuma, taratibu kwa sababu ya mikono yake. Nilitandika gazeti chini kabla hatujakitua, maana oili ilikuwa bado inashuka.