Pilipili za Mzuia Mvua

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta kwingine, maana wapo watakaokupotosha. Kuncung, mwimbaji wetu, atakuambia mjinga alikuwa fundi mitambo, na fundi mitambo atakuambia ni serikali. Achana nao. Ni mimi, Tarmuji, mpiga besi wa bendi ya Knalpot, na kilichoniponza ni tumbo.

Knalpot maana yake ekzosi. Waliotusikia wanasema jina limetukaa vizuri.

Usidhani tulikuwa wageni wa aibu. Tulishapiga roki Wonosobo kwenye ukungu mzito kiasi kwamba hatukujua kama mbele yetu kuna watu au hakuna, mpaka tulipomaliza tukasikia mtu mmoja anakohoa. Tulishapiga Klaten kwenye sherehe ya tohara, na mtoto mwenye sherehe akatuomba kwa machozi tuache, akasema maumivu aliyonayo yanamtosha. Kwa hiyo nikikuambia kwamba onyesho la Temanggung lilianza vibaya kuliko yote, ujue lilikuwa na washindani wa maana.

Na ndilo onyesho ambalo hatukutakiwa kuliharibu kabisa. Tulikuwa tumealikwa kuzunguka kisiwa cha Sumatra kwa miezi mitatu, kufungua jukwaa kwa bendi kubwa. Tatizo lilikuwa Wiwik, mpiga dramu wetu. Bila Wiwik hakuna Knalpot, kuna kelele tu. Na Wiwik ni binti wa Pak Darsono, mwenye karakana ya tofu, ile jibini ya soya, mtu ambaye hajawahi kukawia wala kucheka mbele ya watu, na aliyetaka binti yake airithi ile karakana pamoja na mapipa yake yote. Wiwik hakutaka kuondoka bila baraka ya babake. Sisi tulimshauri aondoke tu. Akatuambia tufunge midomo.

Mzee hakukataa, hakukubali. Alisema hivi, sisi wote tukisikia:

"Nitakuja mwenyewe nione. Watu wakikaa mpaka wimbo wa mwisho, nenda Sumatra. Wakitawanyika, Jumatatu alfajiri nikukute kwenye soya, na habari ya dramu iishe."

"Haya, Bapak," Wiwik akasema, akainama, akagusisha mkono wa babake kwenye paji la uso wake. Mpaka hapo hakuna mjinga.

Sasa onyesho lilikuwa Novemba, uwanja wa mpira, chini ya mlima Sumbing. Novemba pale mvua inakuja kila alasiri kama mtu anayeripoti kazini. Kwa hiyo kamati ya vijana ilifanya kile ambacho kila mwenye harusi au tamasha kwetu anafanya: ilimwita mzuia mvua.

Anaitwa Mbah Sarimin. Mbah ni babu, ila huyu umri wake ni wa kaka yangu mkubwa. Kazi ndiyo iliyomzeesha. Alifika kwa skuta, miwani myeusi usoni, hajaoga tangu Jumatano na hajanywa maji tangu asubuhi, kwa sababu mzuia mvua akigusa maji mambo yanaharibika. Kuvuta ruksa. Alivuta sigara za karafuu mfululizo na kuupuliza moshi upande wa mlimani.

"Mbah, kweli utaizuia?" nikamuuliza.

"Mvua haizuiwi, kijana. Inahamishwa. Leo nimeipeleka Magelang."

"Magelang wamekukosea nini?"

"Shemeji yangu anakaa huko."

Akazunguka nyuma ya jukwaa, akachomeka ardhini kijiti cha chelewa alichokitunga pilipili nyekundu na vitunguu vidogo, kimoja hiki, kimoja kile, kama mshikaki. Akatuita wote.

"Mnakiona? Kisiguswe. Si kwa mkono, si kwa mguu. Hiki ndicho kinachoishikilia mvua kule juu. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mbah," tukajibu kama watoto wa shule. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Pak Darsono akafika na gari lake la kubebea tofu. Kofia nyeusi ya mahameli kichwani, shati limepigwa pasi, soksi ndani ya viatu vya msikitini. Mtu wa heshima haji mikono mitupu, kwa hiyo alituletea kapu zima la tofu za kukaanga, za moto, na mfuko wa pilipili mbichi za kutafunia. Nilikuwa nafunga nyaya za besi. Nilipomaliza, Kuncung na mafundi wa mitambo walikuwa wameshaufikia mfuko. Tofu zilibaki. Pilipili, hata kikonyo hakikubaki.

"Nyinyi ni watu au ni kasuku?" nikawauliza.

"Kula tu hivyo hivyo, Mas Tarmuji," Kuncung akasema, mdomo umemjaa.

Eti kula hivyo hivyo! Labda duniani wapo watu wanaoweza kula tofu ya kukaanga bila kung'ata pilipili pembeni. Kwetu mtu wa namna hiyo anapelekwa hospitali. Nikachukua tofu zangu, nikazunguka nyuma ya jukwaa nikale kwa huzuni peke yangu.

Umeshajua kilichokuwa nyuma ya jukwaa.

Nataka unielewe. Anga lilikuwa la buluu, safi, kama limetoka kufuliwa. Pilipili zenyewe zilikuwa nene, zinang'aa. Nikajiambia nachukua moja tu, mvua haijui kuhesabu. Nikachomoa moja. Ilikuwa kali vizuri, ile ya kufungua masikio. Lakini tofu ya kwanza ilipoisha, ya pili ikawa inanitazama. Sitaki kukuchosha. Nilipoinuka kujifuta mdomo, kijiti kilikuwa uchi. Vitunguu tu ndivyo nilivyoviacha, kwa kuheshimu kazi ya mtu.

Na kwikwi ikanishika.

Tulianza mara baada ya sala ya alasiri, maana sharti lilikuwa tumalize kabla ya magharibi. Uwanja ulijaa: fulana nyeusi mpaka kwenye magoli, na kina mama wa vikapu vya karanga pembezoni. Pak Darsono alisimama kando ya jukwaa, mikono kifuani, uso wa mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Mimi nilikuwa napiga besi huku nimebana pumzi, na pale ninapotakiwa kuitikia kwenye maiki nilifungua mdomo bila kutoa kitu. Hakuna aliyegundua. Hilo nalo liliniuma kidogo.

Wimbo wa pili, upepo ukabadilika. Wingu likashuka kutoka Sumbing, jeusi kama sufuria la karakana ya Pak Darsono, tena bila haraka, kama linalojua linakokwenda. Tone la kwanza liliangukia shingo yangu. Si shingo ya mwingine yeyote, yangu. Watu wakaanza kutazama juu. Wale wa pembeni wakaanza kusogea kwenye vibaraza vya maduka. Nikamwona Wiwik anatupa jicho kwa babake, na babake anatupa jicho kwa wale wanaosogea.

Mbah Sarimin alipita mbio kuelekea nyuma ya jukwaa, sigara mbili mdomoni. Punde akarudi akipanda ngazi, kijiti mkononi. Akamnyang'anya Kuncung maiki katikati ya wimbo. Muziki ukakatika.

"Nani," akasema, na spika zote za uwanja zikasema naye, "nani amekula pilipili zangu?"

Kimya. Uwanja mzima kimya. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya maiki yangu, nimebana pumzi, macho yananitoka. Niliomba. Niliomba kwa kila nilichofundishwa.

"Hik!"

Spika zilikuwa nzuri siku ile, sijui kwa nini. Kwikwi yangu ilikwenda mpaka sokoni ikarudi.

"Mpiga besi!" akapiga kelele mtu. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Waliokuwa wameshafika vibarazani wakageuka, wakarudi mbio wasipitwe.

Mbah Sarimin akanijia polepole. "Umekula ngapi?"

"Zote, Mbah. Hik!"

"Na vitunguu?"

"Vitunguu nimeviacha."

"Jamani, ana adabu!" akaitikia mama mmoja wa karanga.

Kila mtu alicheka. Hata Wiwik, ambaye alikuwa na sababu zote za kunipasua kichwa, alificha uso nyuma ya toazi. Mmoja tu hakucheka. Pak Darsono alikuwa vilevile, mikono kifuani, ananitazama jinsi anavyotazama pipa la soya iliyochacha.

Ndipo mvua ikaja yenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa salamu tu. Fundi mitambo akazima jenereta bila kumuuliza mtu na kuanza kufunika spika kwa maturubai. Kuncung akabaki na gitaa lisilo na sauti, kama mtu aliyeshika mwiko kwenye nyumba isiyo na jiko. Na kicheko nacho kina mwisho wake. Ukishamcheka mpiga besi, utabaki kwenye mvua kufanya nini? Watu wakaanza kujifunika fulana vichwani. Safu ya nyuma ikaanza kulegea. Mimi niliwaona wakigeuka mmoja mmoja, na nikaiona Jumatatu alfajiri inakuja.

Wiwik aliinuka, akaikokota dramu kubwa mpaka ukingoni mwa jukwaa, kwenye mvua kabisa, akarudi kufuata ndogo. Hakuna aliyemsaidia, tulikuwa tumeduwaa. Kisha akapiga. Dramu haihitaji umeme, inahitaji mikono, na ile mikono ilikuwa imekamua tofu tangu utotoni. Kila alipopiga, maji yaliruka juu ya ngozi kama mafuta kwenye kikaango. Tulikuwa hatujawahi kumsikia peke yake. Siku zote tulikuwa tunamfunika kwa makelele yetu, na hapo ndipo nilipojua tulichokuwa tunakifunika.

Safu ya nyuma ikasimama. Halafu ikarudi.

Akapiga wimbo wetu wa tatu, ule wa lori lililokatika breki, na watu wakauimba wenyewe, maneno yote, hata yale ambayo Kuncung huyasahau. Kwenye pigo la nne la kila mstari pana nafasi, mahali ambapo besi yangu huingia. Sasa besi haipo. Sijui nani alianza, ila mara nikasikia maelfu ya watu wanaingia pale kwa pamoja:

"Hik!"

Na mimi nami nikaingia, bila kupenda. Sijawahi kupatia mapigo namna ile maisha yangu yote.

Wakaimba nyimbo zote, moja baada ya nyingine. Walishikana mabega wakazunguka kwenye tope, wakianguka safu nzima wanainuka safu nzima. Mama wa karanga aliligeuza kapu lake kofia. Mbah Sarimin alikuwa katikati yao na miwani yake myeusi, anaruka, hatimaye anaoga. Tulipomaliza wimbo wa mwisho, magharibi ikikaribia, watu walikuwa wengi kuliko mwanzo.

Tukajikusanya chini ya turubai la nyuma, tukitetemeka na kupigana makofi ya mgongo. Pak Darsono akaja.

"Wamekaa, Pak!" Kuncung akamrukia. "Mpaka mwisho! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona." Alininyooshea kidole. "Wamekaa kumcheka huyu."

"Lakini wamekaa."

"Tuliongea habari za muziki. Ile ilikuwa sarakasi. Mtu anakula dawa ya mvua, watu wanapiga kwikwi. Huko Sumatra mtakwenda kula nini, jukwaa?"

"Naomba nami niseme," Mbah Sarimin akaingilia, anakamua shati. "Bila mvua, yule binti asingesikika. Kwa hiyo mvua ile nihesabiwe mimi."

"Si uliipeleka Magelang?" nikamuuliza.

"Wewe nyamaza, tumbo."

"Kwa heshima, Pak," Kuncung akaanza tena, "ahadi ilisema watu wakikaa. Haikusema wakae kwa sababu gani."

"Ahadi niliitoa mimi, najua ilisema nini," mzee akajibu. "Wangekaa kwa ajili ya mwanangu, ningekuwa wa kwanza kumpakia mizigo. Lakini walikuwa wanacheka. Uwanja mzima unacheka. Nduk, binti yangu, kusanya vitu vyako, twende nyumbani."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Wiwik alikuwa anakamua nywele zake, taratibu, halafu akaziacha. Akamtazama babake kuanzia juu. Rangi ya kofia ya mahameli ilikuwa imeyeyuka, imemchora michirizi myeusi mashavuni mpaka kidevuni. Shati la pasi lilikuwa limemgandia kifuani. Alipohamisha mguu, kiatu kilitoa sauti ya chura.

"Sawa, Bapak," akasema. "Wao walikuwa wanamcheka Tarmuji. Na Bapak, ambaye hukucheka hata mara moja, ulisimama kwenye mvua mpaka soksi zikalowa kwa ajili ya nani?"