Geti la Buluu

Bethanie, kijiji chetu, ilikuwa imeshabaki nyuma, na Mzee Timoteus alikuwa ameshanikera. Alikaa mbele kwenye pikapu yangu, kofia magotini, akifanya mazoezi ya kupiga magoti kwa mdomo.

"Wakitufukuza, tunarudi. Wakitutukana, tunashukuru. Wakisema hawatujui, hapo mambo yameiva."

"Na wakisema ndiyo?" nikauliza.

"Mtu wa heshima hasemi ndiyo mchana."

Yeye ndiye aliyekuwa mshenga, na kwetu waposaji hupiga magoti langoni, wakataliwe kwanza ndipo wapokewe. Nyuma, katikati ya mablanketi, alikaa Rosina, mjane wa kaka yangu. Tulikuwa tunakwenda Lüderitz, mji wa pwani, kumposea mwanawe Zakarias. Mara mbili wajomba wa binti, Emmerentia wa kina Swartbooi, walikuwa wameirudisha posa tuliyoituma kwa barua, kwa vijisababu tu, na safari hii walituma neno: njooni siku hiyo, kabla jua halijazama, au msije tena. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na gari. Nimezunguka nchi hii tangu ujana, nikikata manyoya ya kondoo, nikichimba mashimo ya watu wengine, na sijawahi kuupenda mji ule. Mchanga unauvamia kwa mgongo, bahari kwa uso, na upepo hauna upande.

Tulielekezwa hivi: mtaa wa juu ya mwamba, geti la buluu. Geti la buluu lilikuwa moja tu. Ilikuwa bado asubuhi. Tukapiga magoti mbele yake, mchanga ukituchapa mashavu kama mwalimu mwenye hasira.

Akatoka mwanamume mnene mwenye fulana ya kiwanda cha samaki.

"Tunamtafuta mwanakondoo wetu," Timoteus akaanza kwa sauti ya kanisani. "Nyayo zake zimeishia hapa."

"Kondoo? Hapa kuna samaki tu, mzee."

Timoteus akanibonyeza ubavu. "Umesikia? Kalelewa huyu."

"Mmekosea nyumba," yule mtu akasema. "Mimi ni Apollus. Sina binti. Hata kuku jike sina."

"Tunashukuru," Timoteus akajibu, akainamisha kichwa zaidi.

Apollus akafunga mlango. Baadaye akafungua, akatukuta palepale. Akatuambia twende kwa majirani. Akatuambia twende baharini. Alipotishia kutufungulia mbwa, Timoteus alifuta jicho kwa furaha. Babake, alisema, alitishiwa mbwa vilevile, na ndoa ile ilizaa watoto tisa. Mbwa mwenyewe alikuja, akamlamba Rosina mkono, akalala.

Kufikia alasiri magoti yangu yalikuwa yanawaka. Nikasema nakwenda kununua tumbaku.

"Nenda," Timoteus akasema. "Wewe hukuwahi kukaa mahali hata ukakataliwa vizuri."

Dukani mwanamke mmoja aliniangalia nilivyojaa mchanga. "Ninyi ndio wageni wa kina Swartbooi? Wajomba wamenuna kweli. Nyama imekauka motoni. Wanasema watu wa Bethanie wamewadharau, jua likizama basi."

"Si wanakaa kwenye geti la buluu?"

"Lilikuwa la buluu. Upepo umelila rangi. La Apollus kalipaka juzi."

Nilirudi mbio, na mimi si mtu wa kukimbia. Nikawaeleza. Timoteus hakuinuka.

"Huo ndio mtego wenyewe," akasema. "Wanatupima. Ukiondoka, umeshindwa."

"Mzee, jua hilo!"

"Piga magoti."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Rosina akafungua mdomo. "Mzee Timo, mtoto ni wangu." Akainuka, akakung'uta sketi, akagonga geti. "Baba Apollus, samahani kwa usumbufu. Kwa kina Swartbooi ni wapi?"

Apollus alitusalimia kwa mkono, akatutangulia, Timoteus akifuata nyuma akinung'unika. Wajomba walikuwa wamesimama langoni, mikono kifuani, jua limebaki kidole kimoja juu ya maji.

"Mmechelewa," mkubwa wao akasema.

"Hawakuchelewa," Apollus akasema. "Walikuwa kwangu, magotini, tangu asubuhi. Nimewakana, nimewatukana, nimewatolea mbwa. Hawakutikisika. Nani kati yenu angewafukuza zaidi ya nilivyowafukuza mimi?"

 Kisha mjomba mkubwa akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Basi wameshakataliwa," akasema. "Waingie."

"Lakini hamkutukataa ninyi!" Timoteus akalalamika. Rosina akamsukuma ndani.

Zakarias na Emmerentia wanakaa Aus, katikati ya njia ile. Wana watoto, na wanagombana kama watu wote. Apollus alialikwa harusini, akakalishwa upande wa wajomba kwa sababu hapakuwa na upande mwingine wa kumweka. Rosina amezeeka, haoni vizuri. Mzee Timoteus alifariki akishikilia kwamba nyumba ya kwanza ndiyo iliyokuwa yenyewe. Pikapu niliiuza. Mwaka jana nilipita mtaa ule kwa miguu. Geti la Apollus limekuwa la kijivu, kama mengine yote.