Kura ya Aliyeshika Ufagio

Kichochoro cha kina Tazuko kule Kyoto kilikuwa na nyumba tisa, nne upande wa jua na tano upande wa kivuli. Pale kinapoanzia, kwenye kona, palikuwa na kijumba cha mbao chenye paa la vigae, na ndani yake alikaa Jizo, mlinzi wa watoto, jiwe lenye kimo cha paka aliyeketi, shingoni kafungwa kitambaa chekundu. Tazuko Imanishi alikuwa na miaka sabini na minane. Aliolewa kichochoroni hapo akiwa na ishirini na moja, na mwaka huo wa habari hii zamu ya uenyekiti ilikuwa yake.

Shida ilitoka ng'ambo ya ukuta, kwenye chuo kikuu. Chuo kilinunua nyumba moja, kisha ya pili, kila mzee alipofariki na watoto wake wakasema hawana haja nayo. Ilipofika mwezi wa tano nyumba sita zilikuwa zao, zote zimepigiliwa mbao madirishani. Walitaka kujenga maabara ya ghorofa saba, na malori ya kubeba chuma na mchanga yapite hapo kichochoroni. Ili lori lipite, kona ilibidi ikatwe na Jizo aondoke. Na Jizo, kwa desturi ya pale, hainuliwi na mtu mwingine ila mwenyekiti, kwa mikono yake miwili. Hilo ndilo lililomnyima Tazuko raha ya chakula. Wenyeviti arobaini na wanne walikuwa wamepita kabla yake, na hakuna hata mmoja aliyembeba Jizo kumtoa.

Lakini kichochoro hakikuwa cha serikali wala cha mtu mmoja. Kilikuwa mali ya nyumba tisa kwa pamoja, na katiba yake ilikuwa kurasa nne zilizoandikwa kwa brashi na baba yake Mzee Hamuro, jirani wa mkono wa kushoto. Jambo la ardhi huamuliwa kwa kura. Nyumba moja, kura moja.

Bwana Kuze wa ofisi ya majengo ya chuo alikuja na keki za maharage matamu kazifunga kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sauti, viatu vinang'aa. Alivivua mlangoni akavigeuza vizuri vitazame nje, Tazuko akaliona hilo akalipenda.

"Ni sita kwa tatu, Bibi Imanishi," alisema. "Hatutaki kugombana na majirani. Jizo tutamweka mahali pazuri. Ndani kabisa, hanyeshewi."

"Ndani ya wapi?"

"Kwenye jumba letu la makumbusho. Kuna kiyoyozi."

"Tangu lini jiwe likalalamikia joto," alisema Mzee Hamuro, aliyekuwa amekaa pembeni. Mzee huyu alitengeneza masanduku ya mbao ya kuwekea nguo za hariri, na alikuja kila mgeni alipokuja, hata asipoitwa.

Tazuko alimimina chai. "Kura sita ni zenu, sikatai. Ila, mwanangu, ukurasa wa tatu umeusoma?"

Kuze hakuwa ameusoma. Uliandikwa baada ya vita, wakati wenye nyumba waliokaa mbali walipokuwa wakituma barua kuwaamulia waliokaa pale. Ukasema hivi: nyumba isiyoshika zamu haina sauti, na mkono wa kura huinuliwa na yule yule aliyeshika ufagio wa nyumba hiyo. Mtu mmoja hashiki ufagio wa nyumba mbili.

"Na zamu yenyewe ni nini?"

"Wiki moja. Unafagia mbele ya nyumba yako kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unanyunyiza maji, unambadilishia Jizo maji na maua, unapitisha ubao wa matangazo kwa jirani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kuze akacheka kidogo, mzigo umemtoka mabegani. Walikubaliana zamu sita zianze katikati ya mwezi wa saba, na kura ipigwe siku ya sikukuu ya Jizo, mwishoni mwa mwezi wa nane. Alipoondoka Mzee Hamuro alimgeukia Tazuko. "Umewauzia kamba ya kutunyongea."

"Walikuwa nayo tayari," alisema Tazuko. "Nimewaonyesha tu ilivyosokotwa."

Jumatatu ya kwanza walikuja vijana wa kampuni ya usafi, na mashine ya kupuliza majani mgongoni. Tazuko alitoka na aproni yake.

"Ninyi ni wa nyumba ipi?"

"Sisi tumeajiriwa na chuo, bibi."

"Basi hamna nyumba hapa. Kunyweni maji mwende zenu, jua linachomoza."

Jumanne akaja Kuze mwenyewe kushika zamu ya nyumba ya kwanza, mikono ya shati kaikunja. Kwa moyo mweupe kabisa alifagia kichochoro chote, toka mwanzo hadi mwisho, mbele ya milango yote tisa, akanyunyiza maji kila mahali. Mzee Hamuro alitazama kutoka ghorofani, akafunga dirisha. Hakulifungua tena siku mbili.

Kesho yake Tazuko alimkuta Kuze amesimama na ufagio, anajisikia vizuri.

"Una mkono wenye nguvu, Bwana Kuze. Umefika hadi mlangoni kwangu."

"Si kitu, mama. Nimefurahi tu kusaidia."

Kinue, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, wa nyumba ya mwisho, mama wa watoto wawili waliobaki kichochoroni, alikuwa anaosha ndoo zake. Aliinama juu ya ndoo, mabega yanatikisika.

"Mbona unacheka, dada?"

"Bibi akikusifu hivyo, kaka yangu, ujue umemtukana."

"Nimemtukana nani?"

"Sote. Umetuambia hatujui kufagia."

Kuze akawa mwekundu hadi masikioni. Tazuko akachuchumaa, magoti yakalia, akaweka kiganja chini kwenye mpaka wa nyumba mbili. "Shubiri moja. Unapita mpaka kwa shubiri moja, basi. Ukiishia mpakani penyewe, umemwambia jirani hamjuani. Ukifika mlangoni kwake, umemwambia mvivu."

"Na nikizidisha vidole viwili?"

"Mzee Hamuro ataona."

Kuze alikwenda kumwomba radhi mzee, akajibiwa kupitia mlango uliofungwa kwamba hakuna kosa lolote. Jibu hilo, Kinue alimweleza, maana yake kosa bado lipo. Ijumaa, baada ya Kuze kufagia kwa shubiri sawasawa, dirisha la ghorofani lilifunguka.

Wiki zilizofuata wakaja wengine watano, kila mmoja na nyumba yake. Akaja karani, akaja fundi wa maabara, akaja katibu wa idara. Hao walifagia vizuri, wakasalimia, wakaenda kazini. Akaja Tokuji, mlinzi wa lango, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, aliyefagia huku anapiga soga na kila mpita njia. Na akaja binti wa maktaba aitwaye Orie, aliyepewa nyumba ya nne.

Huyu Orie alikuwa na macho. Aliona kwamba jiwe la kizingiti limelika katikati kama kijiko, akauliza nani alikaa mle.

"Kina Noda," alisema Tazuko. "Watoto watano. Mama yao alikuwa akiwasimamisha hapo kila asubuhi, mmoja mmoja, anawakagua masikio. Mwenye masikio machafu anarudi ndani."

"Miaka mingapi iliyopita?"

"Hata miti ya pale kwenu ilikuwa haijapandwa."

Asubuhi iliyofuata Orie aliosha kizingiti kile kwa brashi ya mkono. Hakuna zamu iliyomtaka afanye hivyo.

Mzee Hamuro hakuweza kuvumilia. "Waombe kura basi, mama. Huyu binti na yule mlinzi. Neno moja tu."

"Siwaombi."

"Utambeba Jizo kwa kiburi chako."

"Nikimbeba nitambeba nimesimama wima," alisema Tazuko. "Kufagia wamefagia. Macho wanayo. Nikianza kuwaomba, kichochoro hiki kitakuwa cha ombaomba, na kumuondoa ombaomba ni kazi rahisi."

Siku ya sikukuu watoto wa Kinue walimwosha Jizo na kumpaka uso mweupe kama ilivyo ada. Mdomo waliomchorea ulienda upande, akaonekana kama anayezuia kucheka. Mikeka ikatandikwa kichochoroni. Katikati ya watu huzungushwa shanga kubwa za sala, kamba moja ndefu ya kushikwa na watu ishirini, kila mtu anazisogeza kwa jirani, na ile shanga kubwa ikimfikia anainamisha kichwa. Miaka mitatu mfululizo kamba ilikuwa ikilegea kwa uchache wa watu, na Tazuko alikuwa akipanga vigoda kwenye mapengo ili isiburuze chini. Mwaka huu wale sita wa chuo walikuja na wa kwao, Kuze na mke na binti yake, Orie na mama yake, Tokuji na wajukuu wasiohesabika. Vigoda havikuhitajika.

Ilipokwisha sala, watoto wakapewa peremende, na Tazuko akasimama. Aproni alikuwa ameivua, kavaa kimono chake cha rangi ya majivu. Magoti yalimuuma, hakushika kitu.

"Tuamue. Anayetaka kona ikatwe na Jizo aondoke, ainue mkono. Tisa kwa jumla, tano zikitimia zimeshinda."

Kuze aliinua wa kwanza, bila kuangalia chini. Karani akainua. Fundi wa maabara akainua, na katibu wa idara baada yake. Minne. Watu wakageuka kumtazama Tokuji. Tokuji alikuwa anamenya peremende ya mjukuu.

"Tokuji," alisema karani kwa sauti ya chini. "Mkono."

"Umechoka. Umefagia wiki nzima."

"Watakufanya nini ofisini, unajua?"

"Nastaafu mwezi wa tatu. Watanistaafisha mwezi wa pili?"

Akabaki Orie. Alikuwa mweupe kuliko Jizo.

"Orie," alisema Kuze polepole, "ofisi imekutuma."

"Ofisi ilinituma kufagia, bwana. Ukurasa wa tatu unasema napiga kura ya nyumba ya nne." Akakitazama kile kizingiti. "Nyumba ya nne haitaki."

Mikono ikabaki minne. Tazuko alihesabu mara mbili, kwa kidole, mbele ya wote, kama ambaye hana haraka wala hofu. "Minne," alisema. "Jizo anabaki."

Mzee Hamuro akatafuta leso. Kinue akaanza kuleta sinia za tofu ya baridi na tangawizi. Kuze alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi?" Tazuko alimwuliza.

"Nikaandike barua kwa wakuu, mama. Sijui hata niianzeje."

"Ianze na hesabu. Wanne kwa watano."

"Mwache aende, alitaka kutukata kona," alisema Mzee Hamuro.

"Aliinua mkono mbele ya macho yetu, mzee. Wale wa zamani walituma barua." Tazuko akamsogezea Kuze mto wa kukalia, ule wa heshima, ulio karibu na kijumba. "Kaa. Wewe ni nyumba ya kwanza, na nyumba ya kwanza huanza kula."

Kuze akakaa.

Mwezi wa kumi malori yalianza kupita upande wa kaskazini, kupitia uwanja wa michezo wa chuo chenyewe. Maabara ilipanda hadi ghorofa ya saba, na siku hizi kivuli chake kinafika kichochoroni saa tisa alasiri. Wageni humwuliza Tazuko kama hakimuudhi.

"Mimi sikuwahi kusema wasijenge," huwajibu. "Nilisema hapa hawapiti. Wakazunguka."